Salme binti Said: mwandishi wa jumba la kifalme na mwalimu asiyetajwa jina

Mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa hachelewi kukutana na mabibi wa saloni. Hao ni wanawake wa ukoo mkubwa walioishi Paris katika karne ya 17 na ya 18, ambao walifungua nyumba zao ili waandishi, wanasiasa na wanafalsafa waje kuzungumza. Mmoja wa waliojulikana sana ni Germaine de Staël, aliyezaliwa mwaka 1766, binti wa Necker aliyekuwa waziri wa fedha wa mfalme Louis wa 16. Sebuleni kwake siasa ilipikwa na kupakuliwa, na kwa sababu hiyo Napoleon alimfukuza Paris. Akahamia Coppet, kando ya Ziwa Geneva, akaendelea kupokea wageni na kuandika. Kitabu chake juu ya Ujerumani kilikamatwa mwaka 1810 kabla hakijawafikia wasomaji.

Swali la makala haya ni hili: je, ulimwengu wa Kiswahili nao ulikuwa na mwanamke wa namna hiyo, mwenye nasaba, mwenye kalamu, aliyetia mkono wake katika siasa na kulipa kwa kuishi ugenini? Alikuwepo. Anaitwa Sayyida Salme binti Said wa Zanzibar, ambaye Wazungu wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Nitaeleza maisha yake na namna alivyopata kalamu. Kisha nitaeleza kwa nini sisi wa Katanga, hasa tunaotoka upande wa Ziwa Moero, tunapaswa kumsoma kwa makini zaidi kuliko wasomaji wengine.

Nyumba yenye lugha nyingi

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Zanzibar. Ndiye aliyehamishia makao yake Zanzibar na kukipa kilimo cha karafuu nguvu mpaka kikawa utajiri wa kisiwa. Mke wake mkuu, Azza binti Seif, hakuzaa. Watoto wa Said walizaliwa na masuria, yaani wanawake walionunuliwa, ambao sheria iliwapa hadhi yao kwa sababu ya watoto waliowazaa.

Jilfidan, mama yake Salme, alikuwa mmoja wao. Alikuwa Mcherkesi, binti wa mkulima kutoka nchi ya Kaukazi. Alitekwa vitani akiwa mtoto, akatenganishwa na ndugu zake, akaingia nyumbani kwa Said akiwa na umri wa miaka saba au minane. Salme anasimulia kwamba jino la kwanza la utoto lilimtoka mama yake humo humo jumbani. Msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Kwa sisi wanafunzi wa isimu, kurasa zenye faida zaidi katika kitabu cha Salme ni zile zinazoeleza lugha za nyumba ya Mtoni. Anakadiria kwamba humo waliishi watu wapata 1,000. Said alitaka Kiarabu peke yake kisemwe mbele yake. Lakini alipogeuza mgongo, nyumba ilijaa Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi na Kihabeshi. Kila mama alilea kwa lugha aliyokuja nayo, na Kiswahili kilisikika ndani ya nyumba kama kilivyosikika mjini. Leo tungesema kwamba Kiarabu kilikuwa lugha ya mamlaka na lugha nyingine zilibeba maisha. Mtu wa Lubumbashi anaelewa haraka hali hiyo: Kifaransa kinakaa ofisini, Kiswahili kinakaa uani na sokoni, na lugha ya bibi na babu inakaa jikoni.

Mfupa wa bega la ngamia

Mabinti wa Said walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika hawakufundishwa. Hofu iliyotajwa ilikuwa ile ile ya mahali pengi: msichana ajuaye kuandika ataandika barua, na barua inaweza kumfikia mwanamume. Hatuna budi kuongeza kwamba desturi hiyo haikufunga wanawake wote wa pwani. Mwaka 1858 huko Pate, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wa mawaidha kwa binti yake Mwana Hashima, na utendi huo unasomwa hadi leo. Lakini ndani ya nyumba ya Said kalamu ilikuwa mali ya wanaume.

Salme aliipata kwa siri. Alichukua Kurani, akaigiza umbo la kila herufi juu ya mfupa mpana wa bega la ngamia, ambao Zanzibar ulitumika kama kibao cha mwanafunzi. Alipoona mkono wake unaanza kutii, alimwendea mmoja wa watumwa wa nyumbani waliokuwa na elimu, akamwomba amsahihishe mwandiko. Mtumwa huyo akawa mwalimu wake. Jambo lilipojulikana, Salme alisemwa sana, lakini hakuacha.

Naomba tusimame kidogo hapa. Wanaosimulia habari hii hupenda kumtaja binti mfalme shupavu na mfupa wake wa ngamia, na ni kweli alikuwa shupavu. Lakini katika tukio hili yuko mtu wa pili. Yeye alijua kuandika kuliko binti wa bwana wake, na kama mambo yangeharibika, hatari yake ilikuwa kubwa kuliko ya mwanafunzi wake. Kitabu hakitoi jina lake. Kwa hiyo tawasifu ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu ilianzia katika somo la mtu aliyemilikiwa kama mali.

Karani wa uasi

Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman. Majid alirithi Zanzibar, na ndugu yake Barghash hakuridhika. Mwaka 1859, mwaka ambao Jilfidan pia alifariki kwa kipindupindu, Barghash alianza kupanga kumpindua Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda Khole kuliko ndugu wote. Akamfuata.

Hapa ndipo tunapoikuta saloni ya Zanzibar. Si saloni ya mishumaa na mashairi. Mabibi wa Zanzibar walitembeleana usiku, wakitanguliwa na watumwa wenye taa, wakapokelewa ndani kwa kahawa na mazungumzo marefu. Wanaume walikuwa na baraza zao. Wanawake walikuwa na vyumba vyao vya ndani, na habari zilipita humo haraka kuliko barazani. Katika miezi ya uasi, vyumba hivyo viligeuka kuwa makao ya vita. Salme alikuwa na umri wa miaka 15 na alikuwa mdogo kati ya wenzake, lakini alijua kuandika, kwa hiyo akawa karani wa uasi. Barua za kuwaita wakubwa na za kuagiza silaha zilipita mkononi mwake. Ile hofu ya wazee juu ya msichana na barua ilitimia, ingawa barua zenyewe hazikuwa za mapenzi.

Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walifika usiku wakiwa na kundi lao, wakamvika nguo za kike, wakatoka naye mbele ya askari. Alikimbilia shamba lililoitwa Marseille, jina la mji wa Ufaransa katikati ya mikarafuu. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukavunjika, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme alibaki na majuto, maana alikuwa amempinga ndugu aliyemtendea mema tangu utotoni. Baadaye alipatana na Majid, na kwa hatua hiyo akampoteza Khole na kundi lote la Barghash. Alipotimiza miaka ishirini alikuwa mpweke katika mji uliojaa ndugu.

Kutazamwa badala ya kupokea

Jirani yake mjini alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Paa la nyumba ya Ruete lilikuwa chini ya dirisha la Salme, na kutoka hapo aliona namna Wazungu wanavyokula mezani pamoja. Urafiki ukawa mapenzi, na Salme akapata mimba. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akafika Aden. Huko alizaa mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Ruete siku hiyo hiyo. Mtoto huyo alifariki katika safari ya kwenda Ulaya.

Hamburg walipata watoto wengine watatu. Mwaka 1870 Ruete aliangukia ajali ya tramu, akafa. Mjane huyo wa miaka 25 alibaki na watoto wadogo katika nchi ambayo lugha yake bado alikuwa akijifunza. Alihama mji baada ya mji, akapata riziki yake kwa sehemu kwa kufundisha Kiarabu. Nyumba za wakubwa zilimfungukia, lakini mara nyingi kama kitu cha kutazamwa. Katika barua zake, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, anaeleza uchungu wa kukodolewa macho. Hapo ndipo anapoachana na Germaine de Staël. Bibi wa Coppet alifukuzwa, lakini popote alipokaa wageni walimjia kwa ajili ya akili yake. Wengi waliomjia Salme walitaka kumwona Mwarabu.

Kitabu chake kilikuwa jibu. Alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, kikachapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, lugha ambayo hakuisikia utotoni, kwa jina linalomaanisha kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu. Ndani yake anamsahihisha msomaji wa Ulaya juu ya ndoa, malezi, chakula, ugonjwa na hadhi ya mwanamke. Anaandika kama mtu aliyechoka kuelezwa na wengine.

Siasa nayo haikumwacha. Mwaka 1875 Barghash, wakati huo akiwa Sultani, alipotembelea London, Salme alikwenda akitumaini kupatana naye. Waingereza walimshawishi asimwendee ndugu yake, wakamwahidi msaada kwa watoto wake, na ahadi hiyo haikutimizwa. Mwaka 1885 Bismarck alimpeleka Zanzibar pamoja na manowari za Kijerumani, kwa kuwa dai la urithi wa binti mfalme lilifaa kumtisha Sultani. Watu wa mjini walimlaki kwa furaha; Barghash hakutaka kumwona. Wajerumani walipopata walichokitaka, dai lake liliwekwa kando. Alijaribu tena mwaka 1888, akashindwa. Aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut, akarudi Ujerumani mwaka 1914, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi.

Sura juu ya utumwa

Mpaka hapa ni rahisi kumpenda. Lakini kitabu hicho kina sura juu ya utumwa, na katika sura hiyo Salme anautetea. Anadai kwamba utumwa wa nchi za Kiarabu haufanani na ule wa Marekani, kwamba Wazungu wanaingilia jambo wasilolielewa, na kwamba watu weusi hawapendi kazi. Aliyasema hayo baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873, na kabla ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hali ya kisheria ya utumwa kisiwani.

Mimi ni mtu wa Pweto, mahali mto Luvua unapotoka katika Ziwa Moero, na siwezi kuipita sura hiyo kama mtu anayepita sura juu ya mapishi. Tuangalie tarehe. Machi 1866, miezi mitano kabla ya Salme kutoroka, David Livingstone aliondoka Zanzibar kuelekea bara. Mwaka 1867, Salme alipokuwa akifunga ndoa Aden, Tippu Tip, mfanyabiashara mzaliwa wa Zanzibar, alipigana na Nsama, mkubwa wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Moero na Tanganyika. Tarehe 8 Novemba mwaka huo huo Livingstone alifika ukingoni mwa Moero. Njia alizopita zilikuwa njia za misafara. Katika njia hizo pembe za ndovu na watu vilitolewa bara, na nguo, shanga na baruti vikaingia. Jumba la Mtoni na nchi ya Moero vilikuwa ncha mbili za kamba moja.

Hapo ndipo Jilfidan anaporudi. Salme anasimulia kwa huruma kubwa kutekwa kwa mama yake, hofu ya mtoto na kutenganishwa na ndugu. Kurasa nyingine mbele, huruma hiyo haivuki kwenda kwa mtoto wa bara aliyefika Zanzibar kwa njia ile ile. Si kwamba hakujua. Alijua kupitia mama yake mzazi. Tofauti ni kwamba mtekwa mmoja alizaa mtoto wa mfalme, na mtoto huyo akapata kalamu. Aliyeshika kalamu alimwokoa mama yake asisahaulike, na mwalimu wake akamwacha bila jina.

Wapo watakaosema tumsamehe kwa sababu ya wakati wake. Sioni kwamba kazi ya msomaji ni kusamehe au kuhukumu. Kazi yetu ni kuuliza kila andiko: nani alifundisha, nani alihudumu, nani ametajwa, nani hakutajwa? Swali hilo linamhusu hata Germaine de Staël. Saloni yoyote ilikuwa na mtu aliyefungua mlango na mtu aliyeosha vikombe.

Kutoka baraza hadi barza

Kiswahili kilitufikia kwa njia zile zile za misafara, kisha kikaenea kwa wafanyakazi wa migodi na wa mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Maneno yalisafiri pamoja na watu. Baraza ya Zanzibar, kiti cha mawe mbele ya nyumba ambapo mwenye nyumba hupokea wageni, kwetu imekuwa barza, na imeingia hata katika Kifaransa cha Congo kwa maana ya veranda. Tunakaa kwenye barza jioni, tunazungumza, bila kukumbuka neno limetoka wapi na limekuja na mizigo gani.

Katika mji huu ndipo lilipoandikwa jibu ambalo naliona kubwa kuliko kitabu cha Salme. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, alitoa historia ya Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga. Kichwa chake ni cha Kifaransa na kinaiita kazi hiyo vokabuleri ya mji wa Elisabethville. Johannes Fabian aliichapisha upya pamoja na tafsiri mwaka 1990. Hiyo ni historia ya mji kwa macho ya waliokuwa wakiitwa maboyi, watu waliopika, waliofua na waliosimama nyuma ya kiti wakati mabwana wakizungumza. Tahajia yake haitulii, maneno yanaungana na kukatika bila kanuni, kwa sababu hakuna shule iliyomfundisha mtu kuandika Kiswahili hicho. Yav naye alikuwa na mfupa wake wa ngamia.

Tukiviweka vitabu hivi viwili pamoja, tunapata somo ambalo kimoja peke yake hakiwezi kulitoa. Salme anatuonyesha jumba kutoka ndani, kutoka mahali mwanamke alipokatazwa kalamu akaichukua. Yav anatuonyesha nyumba ya bwana kutoka jikoni. Salme aliandika kwa lugha ya watu waliomkodolea macho, ili wamwelewe. Yav aliandika kwa lugha ya wenzake, ili wasisahau.

Pendekezo langu kwa wenzangu wa kitivo ni dogo. Tunaposoma mabibi wa saloni wa Paris, tusome pia Salme, kwa kuwa ni wa pwani iliyotupa lugha. Na tunaposoma Salme, tusome Yav wiki hiyo hiyo. Wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho watapata kazi ya kutosha kati yao wawili: namna kila mmoja anavyowataja watumishi, kwa jina, kwa cheo au kwa kabila, na mahali ambapo kila mmoja ananyamaza. Mimi nimeanza na ukurasa wa yule mwalimu wa mwandiko. Jina lake silipati humo, lakini mkono wa Salme ulifuata mkono wake, na kila barua ya uasi wa mwaka 1859 iliyopita kwa karani yule ilikuwa na kitu chake.